Kizuri Chajiuza, Lakini Si Gizani

KWA miaka mingi sasa wananchi wa Dar es Salaam wamekuwa wakiambiwa kwamba muziki wa dansi umekufa. Usemi huu umerudiwa mno redioni, magazetini na vijiweni, hata umekuwa kama ukweli usiohitaji ushahidi. Wanaousema wana sababu zao: eti vijana hawautaki, eti wazee wamechoka, eti kila zama na kitabu chake. Makala haya yana nia ya kuupinga usemi huo. Marehemu anayeombolezwa yu hai, anapiga gitaa kila mwisho wa juma, na taabu yake kubwa ni kwamba hakuna anayewaambia wananchi yuko wapi.

Tujiulize swali jepesi. Mkazi wa Mbagala, Tabata au Mbezi anayetaka kuisikiliza bendi ikipiga jukwaani Ijumaa ya leo atajuaje ni bendi gani inapiga, katika ukumbi gani, saa ngapi, na kwa kiingilio cha shilingi ngapi? Akifungua redio atasikia nyimbo nyingi, lakini habari hiyo ni nadra kuisikia. Akinunua gazeti ataelezwa msanii gani kagombana na mwenziwe na yupi kanunua gari. Akimwuliza jirani atajibiwa, "Nadhani zamani walikuwa wakipiga pale." Ikiwa ana simu ya kisasa na fedha ya bando, huenda akakuta picha yenye maandishi makubwa yasemayo "Ijumaa hii, usikose". Tarehe haipo. Ijumaa ipi? Picha za namna hiyo huzunguka kutoka simu hadi simu kwa miezi, na kila anayeipokea hudhani kwamba Ijumaa inayosemwa ni ya kwake.

Basi mtu huyo hupanda daladala mbili hadi huko alikoelekezwa, akafika akakuta spika mbili na kijana anayecheza nyimbo kutoka kwenye kompyuta. Bendi imehama tangu mwezi uliopita. Atarudi nyumbani kwa bodaboda, amepoteza fedha na usingizi wake, na Ijumaa ijayo hatatoka tena. Kisha mtaalamu mmoja atakaa mbele ya kipaza sauti na kutangaza kwamba wananchi hawaupendi muziki wa dansi!

Mlango ndio mshahara

Wako watakaosema kwamba jambo hili ni dogo, na kwamba ukurasa huu una mambo mazito zaidi ya kujadili kuliko starehe za usiku. Hoja hiyo haina msingi, na anayeitoa hajui jinsi mwanamuziki anavyopata riziki yake.

Mapatano ya kawaida baina ya bendi na mwenye baa katika mji huu kwa miaka mingi yalikuwa haya: mwenye baa huchukua fedha ya vinywaji, na bendi huchukua fedha ya mlangoni. Kiingilio kilikuwa ndicho mshahara wa mwimbaji, mpiga gitaa, mpiga tarumbeta, mpiga ngoma na mbeba vyombo. Hata pale ambapo siku hizi kiingilio ni bure na mwenye baa huilipa bendi kwa mkupuo, hesabu ni ileile, kwani mwenye baa akiona viti vitupu kwa majuma matatu hatailipa bendi hiyo juma la nne. Kila mtu aliyetaka kuja asijue pa kwenda ni tonge lililotolewa mdomoni mwa mwanamuziki. Nyuma ya mwanamuziki yupo mchoma mishikaki, yupo mhudumu wa baa, yupo mlinzi wa magari, yupo dereva wa bodaboda. Kazi ya wote hao huanza pale habari inapomfikia msikilizaji, na habari isipomfika, wote hulala na njaa.

Kwa hiyo swali la nani anapiga wapi usiku wa leo ni swali la kazi za watu. Ni swali la utamaduni pia. Taifa hili lilipokuwa changa, Desemba 1962, Mwalimu Nyerere aliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, kwa kuamini kwamba nchi isiyojua ngoma zake haijijui yenyewe. Wizara hubadilika majina na watu, lakini wajibu ule haukufutwa.

Enzi ambazo jina lilikuwa anwani

Haikuwa hivi siku zote. Kwa sensa ya 1978 Dar es Salaam ilikuwa na watu 843,090. Katika mji huo wa miaka ya 1970 na 1980 mpenzi wa dansi hakuwa na haja ya kuhangaika. Orchestra Maquis ilijulikana kuwa White House, Ubungo. Orchestra Safari Sound ilijulikana kuwa Safari Resort, Kimara. Vijana Jazz, bendi ya umoja wa vijana, ilikuwa na ukumbi wa Vijana, Kinondoni. Na Mlimani Park Orchestra, iliyoundwa mwaka huohuo wa 1978 na baadaye kuchukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC, ilipewa jina la mahali ilipozaliwa. Jina la bendi lilikuwa anwani yake.

Tena kila bendi ilikuwa na mtindo wenye jina: Msondo wa NUTA Jazz, Sikinde ya Mlimani Park, Kamanyola ya Maquis, Vangavanga ya Polisi Jazz, Saboso ya Western Jazz. Msondo na Sikinde ni majina yaliyochukuliwa kutoka katika ngoma za Wazaramo, wenyeji wa pwani hii. Watu hulitazama jambo hili kama pambo, kumbe lilikuwa tangazo lenye miguu. Mtu akitamka "Sikinde" katika foleni ya basi, waliomsikia walikwisha jua ni bendi ipi na ipo ukumbi gani. Hata mwishoni mwa miaka ya 1990, African Stars ilipoanza kutamba, wananchi waliijua zaidi kwa jina la mtindo wake, Twanga Pepeta.

Kisha kulikuwa na redio. Bendi zilirekodi nyimbo zao katika studio za Redio Tanzania Dar es Salaam, kwa kuwa santuri zilitengenezwa nje ya nchi, hasa Nairobi, na si kila bendi iliyoweza kufika huko. Redio iliutangaza wimbo, na ukumbi ukaumaliza. Wimbo uliosikika redioni katikati ya juma, watu waliufuata ukumbini Jumamosi, na huko waliusikia ukiwa mrefu zaidi, na gitaa likiendelea pale ambapo redio ilikuwa imelikata. Redio na ukumbi vilikuwa mikono miwili ya mtu mmoja.

Zaidi ya hayo kulikuwa na ubao mlangoni mwa baa, wenye siku na saa kwa chaki. Kulikuwa na gari lililopita mitaani na vipaza sauti juu yake. Kulikuwa na bango ukutani. Vyote hivyo vilikuwa vitu vya bei rahisi, na vilikuwa na sifa moja kubwa: havikumchagua mtu. Aliyepita aliona, na aliyekuwa na masikio alisikia, awe mwajiriwa wa bandarini au mchuuzi wa samaki.

Neno "zilipendwa"

Mwaka 1993 ilipitishwa Sheria ya Huduma za Utangazaji, na mwaka 1994 Radio One ikaanza kusikika. Tangu hapo redio zimefunguliwa nyingi. Hatusemi kwamba kuwa na redio nyingi ni vibaya. Tunasema kwamba jambo la ajabu limetokea: redio zimeongezeka, na habari ya dansi imepungua. Kamba iliyounganisha studio na ukumbi imekatika, na hakuna aliyejitwika kazi ya kuiunga.

Sikilizeni vipindi viitwavyo vya zilipendwa. Mtangazaji hupiga wimbo wa mwaka 1982, akaeleza kwa ufundi nani aliutunga, nani alipiga solo na nani alipuliza saksafoni. Maelezo hayo ni mazuri, na tunampongeza anayeyatafuta. Lakini mara chache sana husikika akisema: bendi hii ingali ipo, na usiku wa leo itapiga mahali fulani. Mtoto wa miaka 20 anayesikiliza huondoka na imani kwamba ameonyeshwa kaburi zuri.

Neno lenyewe ni mtego. "Zilipendwa" ni kitenzi chenye kiambishi cha wakati uliopita, nacho kinasema kwamba nyimbo hizi zilikuwa zikipendwa, sasa basi. Nani ametoa hukumu hiyo, na katika baraza gani? NUTA Jazz iliundwa mwaka 1964, mwaka uleule wa Muungano wetu. Imepita katika majina ya JUWATA na OTTU hadi kuitwa Msondo Ngoma, na mwaka 2014 ikatimiza nusu karne. Bendi ya umri huo ambayo bado ina jukwaa na wafuasi inahitaji kitenzi cha wakati uliopo.

Tena yupo shahidi mkubwa zaidi ya huyo. Mwanamuziki wa nchi hii hutangazwa vizuri siku ya mazishi yake. Alipofariki Remmy Ongala Desemba 2010, na alipofariki Muhidin Maalim Gurumo Aprili 2014, habari zilitolewa bila kasoro: mwili upo wapi, msiba upo wapi, maziko saa ngapi na katika makaburi gani. Ni heshima waliyostahili. Lakini kama vyombo vyetu vinaweza kutaja mahali na saa kwa usahihi mwanamuziki anapokwenda kuzikwa, vinashindwaje kutaja mahali na saa anapokwenda kuimba?

Methali iliyotumiwa vibaya

Wapinzani wetu wana silaha moja wanayoipenda, nayo ni methali: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Husema kwamba kama bendi hizi zingekuwa nzuri, watu wangezifuata bila kuambiwa.

Methali hiyo tunaiheshimu, ila waliotuachia walikuwa wakizungumzia bidhaa iliyowekwa mahali pa kuonekana. Embe zuri hujiuza kwa sababu limepangwa juu ya meza, na mpita njia analiona na kulinusa. Funga embe hilo ndani ya gunia, liweke nyuma ya nyumba huko Tandika saa 4 usiku, kisha ungoje lijiuze. Litaoza. Dansi ni bidhaa ya usiku, tena ya usiku mmoja, na kesho yake haipo rafuni. Kwa mji ambao sensa ya 2022 ilikuta una watu 5,383,728, ukienea kutoka Bunju hadi Chamazi, habari isiyotangazwa haivuki hata mtaa wa pili.

Tutazame kandanda. Simba na Yanga zinapendwa kuliko timu nyingine zote nchini, lakini hakuna anayesema kwamba kwa kuwa zinapendwa, ratiba yao isitangazwe. Bodi ya Ligi hutoa ratiba. Redio huitaja asubuhi, mchana na jioni. Bibi asiyejua hata kuotea ni nini anajua kwamba Jumamosi kuna mechi, kwa sababu ameambiwa mara mia. Msondo na Sikinde zimelinganishwa kwa miaka mingi na Simba na Yanga kwa utani wao wa jadi. Basi tuzipe kile ambacho Simba na Yanga wanapewa, kisha tuone ni nani atakayethubutu kusema kwamba hazina watu.

Hoja nyingine husema kwamba siku hizi kila kitu kimo katika simu, kwa hiyo tunalilia ubao wa chaki bure. Simu ni chombo kizuri, na bendi zinazoitumia zinafanya vyema. Lakini simu humpa mtu habari za wale aliokwisha kuwafuata. Anayeijua bendi tayari ataambiwa, na asiyeijua hataambiwa kamwe. Tangazo la gari lilimfikia hata mtu ambaye hakuwa na habari kwamba anapenda dansi, na ndivyo bendi zilivyopata wasikilizaji wapya. Aidha, simu inataka bando, na bando ni fedha. Habari ya hadhara ikishakuwa na bei, huwa imekwisha kuacha nje sehemu ya hadhara yenyewe.

Lawama kwa wenye bendi

Haitakuwa haki kuwalaumu watangazaji na kuwaacha wanamuziki. Nao wana sehemu yao kubwa ya lawama, na hapana budi waelezwe bila kuonewa haya.

Kwanza, wengi wao hawaheshimu saa. Tangazo husema saa 2 usiku, na gitaa la kwanza husikika saa 5. Mtu anayeamka alfajiri kwenda kazini huondoka kabla bendi haijafungua kinywa, na huko aendako hutangaza kwamba hakuna bendi. Pili, hubadili ukumbi bila kuwaaga wasikilizaji wao, kana kwamba wasikilizaji ni mali itakayowafuata yenyewe. Tatu, hutoa tangazo lenye picha ya kila mwanamuziki na pongezi kwa kila mfadhili, lakini halina tarehe wala kiingilio, na kituo cha kushukia hakitajwi. Hilo ni pambo, maana tangazo lisilomfikisha mtu mlangoni halijatimiza kazi yake.

Wenye baa nao wasikae pembeni. Mwenye baa anayepokea fedha ya vinywaji vya watu 300 waliofuata bendi, akashindwa kununua chaki na ubao wa kuandika jina la bendi hiyo, anakata tawi alilokalia.

La kufanya

Jambo hili halihitaji mkopo kutoka nje wala mtaalamu wa kigeni, kwa sababu habari tunayoitafuta tayari ipo. Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, liliundwa kwa Sheria Namba 23 ya mwaka 1984, na moja ya kazi zake ni kuwasajili wasanii na kutoa vibali. Mji wetu una wilaya tano, yaani Ilala, Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni, na halmashauri zake zina maofisa wa utamaduni. Ikiwa serikali inajua nani ana kibali cha kupiga muziki, kwa nini mwananchi asijue? Ni habari iliyolala ndani ya mafaili, na kazi iliyobaki ni kuiamsha.

Tunapendekeza haya. Kila ofisa utamaduni akusanye kutoka kwa wenye kumbi wa eneo lake orodha ya bendi zitakazopiga, na kila Alhamisi ibandikwe katika ofisi za kata, masokoni, vituo vya daladala na vituo vya mabasi ya mwendokasi. Iwe karatasi moja yenye mambo matano tu: bendi, ukumbi, tarehe, saa na kiingilio. Taarabu na ngoma ziingie katika orodha hiyo pamoja na dansi, na vijana wa singeli wasibaguliwe, kwani atakayekwenda kuwasikiliza wao leo ndiye atakayekwenda kuusikiliza Msondo kesho.

Redio ya taifa, iliyorithi kanda zilezile ambazo bendi hizi zilirekodi, itenge dakika tano jioni ya Alhamisi na ya Ijumaa kuisoma orodha hiyo. Redio za watu binafsi, ambazo hujaza saa nyingi za Jumapili kwa jasho la wanamuziki hao, zifanye vivyo hivyo bila kusubiri kulipwa. Kila mtangazaji anayepiga wimbo wa bendi iliyo hai aseme kwamba ipo hai na inapatikana wapi. Na sisi wa magazeti tusijitoe. Safu moja fupi kila Ijumaa haitaufukarisha ukurasa wowote, na itasomwa kuliko makala nyingi tunazoziandika kwa mbwembwe, pamoja na haya.

Wenye bendi wajibu wema huo kwa nidhamu. Bendi ichague siku na ukumbi, ishike hapo kwa miezi sita, ianze saa iliyotangaza hata kama waliofika ni watu wanane. Wanane hao wataeleza.

Na wewe, ndugu msomaji, una sehemu yako. Ukipita mbele ya baa ukasikia ngoma halisi na gitaa halisi, simama uulize: ni bendi gani, na hupiga hapa siku gani? Kisha mwambie mwenzako kazini, umtajie siku na saa, maana kumwambia tu kwamba kuna bendi mahali fulani hakumsaidii. Ndivyo Sikinde ilivyojulikana kabla ya simu.

Baada ya kuyafanya haya kwa mwaka mmoja, kama viti vitakuwa vitupu bado, tutawakubalia wale wanaosema kwamba dansi limekufa, na tutashika jeneza pamoja nao. Lakini kumzika mtu ambaye bado anapumua, kwa sababu tu majirani hawakupewa habari kwamba yupo nyumbani, ni dhuluma. Wanamuziki wa mji huu wapo kazini usiku wa leo, na wananchi wana haki ya kuambiwa ni wapi.